Kipa Aliyeuza Mpira

Mimi makipa siwaamini. Sijaanza leo, na sababu ninazo. Nimekulia Morogoro, nyuma ya kiwanja cha mchangani ambacho Jumapili jioni kilikuwa kinajaza watu kuliko kanisa, na marehemu baba yangu alikuwa katibu wa timu ya mtaa. Nilichojifunza pale ni kwamba beki akikosea amekosea, mshambuliaji akikosa amekosa, lakini kipa akifungwa goli la kizembe, subiri kidogo tu, utamwona na baiskeli mpya. Kuuza mechi kwetu ilikuwa habari ya kuongelewa wakati wa kula, kama bei ya mchele.

Sasa fikiria nilivyojisikia siku mdogo wangu aliponiambia kwamba kijana anayetaka kumuoa ni kipa.

Tunakaa Rexdale, huku ughaibuni, ghorofani, mimi na mdogo wangu na wanangu wawili ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri na kukujibu kwa Kiingereza. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na mambo ya nyumba ameniachia. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo kwa huyu binti mimi ndiye baba na mimi ndiye mama, na mwanamume anayemtaka hana mlango mwingine wa kupitia. Kijana mwenyewe ni Mkongomani wa Bukavu. Mrefu, mtaratibu, haongei sana, ukimpa chai anashukuru mara mbili. Kila aliyemwona alisema ni mpole. Mimi upole uliozidi nautilia shaka kuliko ujeuri, maana mjeuri unajua anakokwenda.

Usiku anapakia mizigo kwenye ghala huko Malton, na Jumapili anadaka kwenye timu yetu. Nikisema timu yetu usije ukafikiria makubwa. Ni mchangani ileile ya kwetu, imehamia tu kwenye majani. Watanzania, Wakongomani, Warundi, Wakenya wachache, wanacheza ligi ya chini kabisa ambayo hakuna gazeti linaloiandika. Hakuna kiingilio wala jukwaa. Tunasimama kando ya mstari, nyuma ya kituo cha jamii, tumejifunga mitandio mpaka masikioni, na ndege zinapita chini kiasi kwamba refa akipuliza filimbi wakati huo hakuna anayemsikia. Mimi ndiye shabiki namba moja. Sijachaguliwa na mtu, ila hakuna mwenye sauti ya kunizidi.

Kocha wetu ni mtu mzima wa Tanga, na kijana alimtuma yeye awe mshenga, kwa vile hapa hana ndugu wa damu. Kocha akaja, akanywa chai, akazunguka weee mpaka akafika kwenye neno. Nikamwambia nitamjibu. Akaja tena, nikamwambia nitamjibu. Alipokuja mara nyingine alikataa hata kuvua koti, akasema yeye si mtoto wa kutumwa dukani akakuta pamefungwa kila siku. Basi nikampa siku. Nikamwambia Jumapili, mechi ikiisha, atapata jibu palepale uwanjani, ndiyo au hapana.

Mdogo wangu akaniuliza kwa nini mpaka mechi iishe. Nikamjibu kwamba mtu humjui mpaka umwone kwenye kazi yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa sina sababu ya kumkataa yule kijana, na nilikuwa naitafuta. Mdogo wangu akaenda chumbani, na kwa ukuta wetu ulivyo mwembamba nilimsikia analia. Iliniuma. Lakini machale yakishanicheza mimi, hata ulie damu.

Jumapili yenyewe ilikuwa mechi yetu ya mwisho ya nyumbani. Tukishinda tunapanda daraja, jambo ambalo timu haijawahi kulifanya tangu ianze. Sare ilikuwa haitusaidii chochote. Tulifika mapema, mimi na mdogo wangu, na machupa ya chai na beseni la maandazi, na mbingu ilikuwa imefunga kijivu kutoka upande hadi upande. Nikamwacha mdogo wangu akipanga vikombe, nikaingia ndani ya kituo kutafuta maji ya bomba.

Kwenye korido nikasikia sauti ya kijana, amesimama baada ya kona, anaongea na simu. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Haya, nilikuwa nayo. Nikasimama na ndoo yangu, nikatega sikio.

"Mupira ya leo nilishauza," alisema. "Usibaambie mbele ya match. Kocha asijue."

Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeridhika na nafsi yake.

Kiswahili chao kina mambo yake, kimejaa *mu* na *ba*, lakini neno la katikati lilikuwa safi kabisa. Mpira wa leo nimeshauza. Wasiambiwe kabla ya mechi. Kocha asijue. Nikakumbuka baba yangu alivyokuwa anarudi nyumbani siku za namna hiyo, anakaa kitandani bila kuvua viatu, na mama anatuambia tusimsogelee. Nikasema moyoni, kumbe huku nako yapo. Bahari nzima tumevuka, tumekuja mpaka kwenye theluji, kikulacho kimekuja nacho kiko nguoni.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa kocha. Lakini mimi si mtu wa kupayuka bila ushahidi. Kama kweli kauza, basi jibu la mshenga ninalo, na hakuna binadamu atakayenilaumu, hata mdogo wangu mwenyewe. Mtu anayeweza kuwauza wenzake kumi, mke ni nani asimuuze? Nikachota maji, nikatoka nje, nikakaa nimejiinamia kando ya beseni. Mdogo wangu akaniuliza kama naumwa.

Wageni wakaja na magari mazuri na jezi zilizopigwa pasi. Niliwachunguza kuanzia unyayo hadi utosini. Kwetu timu ikija ugenini huwa inaruka ukuta badala ya kupita getini, kwa kuogopa dawa zilizofukiwa mlangoni, na kila timu ina kamati ya ufundi ambayo ufundi wake si wa mpira. Hawa walipita getini wanacheka, wanasalimia watu. Nikajiuliza, timu isiyo na wasiwasi kwenye mechi ya namna hii inajua nini ambacho sisi hatujui?

Na mpira wenyewe. Kwenye ligi yetu timu mwenyeji ndiyo inayoleta mpira, na wetu tulikuwa tunaujua, ulishachubuka hadi ukawa rangi ya viazi. Siku hiyo refa aliweka katikati mpira mpya, mweupe, unang'aa. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Mimi niliuliza, nikaambiwa ulikutwa kwenye mfuko wa timu. Ulikutwa! Mpira hauoti kwenye mfuko kama uyoga. Nikauongeza kwenye hesabu zangu.

Kipindi cha kwanza chote sikutazama mechi, nilimtazama kipa. Na nakuambia, ukimtazama mtu mmoja kwa muda mrefu namna ile, hata akijikuna utaona ni ishara. Kila alipodaka alifuta ule mpira kwenye jezi yake, akaupigapiga kama anayembembeleza mtoto, ndipo akaupiga mbele. Kabla ya siku ile sikuwa nimemwona akifanya hivyo. Anamwonyesha nani? Nilitazama upande wa wageni kama kuna anayeitikia. Kulikuwa na mzee mmoja anakuna kichwa kila mara, nikamweka na yeye akilini.

Kibaya zaidi, alikuwa anadaka vizuri. Kuna krosi aliifuata juu ya vichwa vya watu wazima wawili akaja nayo kifuani. Kuna shuti la karibu alilizuia kwa mguu, watu wote wakashika vichwa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Mwizi mwenye akili siku ya kwanza anakusaidia kubeba mizigo, siku ya pili ndiyo anajua kila kitu kilipo.

Kabla ya mapumziko winga wetu, Mrundi mmoja mfupi mwenye mbio za kutisha, akawatoka mabeki akafunga. Moja bila. Kelele zilizopigwa pale, watu wa ghorofani walifungua madirisha. Hata mimi nilijisahau nikaruka, kisha nikageuka haraka nimwone kipa. Alikuwa amepiga magoti golini kwake, mikono juu, anaomba. Nikajiambia kwamba hata Yuda alikuwepo mezani.

Wakati wa mapumziko wachezaji walikuja kwenye chai. Na yeye akaja, jasho linamtiririka, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Halafu yule mtu asiyeongea akaniongelesha.

"Dada, mupira ya leo ni muzuri, hapana?"

Alikuwa ananitazama usoni na macho yanameta, kama anayengoja nimwambie kitu. Kumbe ana uso mkavu kiasi hiki? Nikamwambia tutauona mwisho wake. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema eh, hata mwisho utakuwa muzuri, akarudi uwanjani. Mdogo wangu aliyekuwa anamimina chai alinikata jicho. Alisema ningeweza angalau kumjibu vizuri mtu siku yake kama ya leo.

Nilishindwa kubaki nalo peke yangu. Nina rafiki yangu Mkenya, tunafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, na mechi huwa hakosi. Nikamvuta pembeni nikamwambia nilichosikia. Alitoa macho. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia masikio ni yangu na hayajaanza uziwi. Akasema, kama ni hivyo, tusimame nyuma ya goli lake tumwone vizuri, maana mambo ya kipa yanaonekana kwa nyuma. Ushauri mzuri, nikaona. Tukahama.

Mungu akinipa nafasi ya kufuta dakika fulani za maisha yangu, nitachagua zile za kipindi cha pili. Kwanza tulipaswa kuwamaliza wale watu mapema. Mshambuliaji wetu alibaki na goli tupu akapiga juu, yaani juu kabisa, mpira ukaenda mpaka maegesho ya magari. Baadaye tukagonga mtambaa panya. Baadaye beki wao akaushika mpira kwa mkono mbele ya macho yetu wote, refa akasema tuendelee. Nilimwambia refa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nashukuru hajui Kiswahili. Ng'ombe wa maskini hazai jamani. Kadiri muda ulivyosogea wageni wakaanza kutusukuma nyuma, na mimi nikaanza kuhesabu dakika, kwa sababu nilijua mechi zilizouzwa huwa zinaamuliwa mwishoni. Mapema ingeonekana.

Kijana alikuwa ananyakua kila kitu. Aliruka kushoto, akaruka kulia, akapiga ngumi kona tatu mfululizo. Alikuwa mbele yetu hatua chache tu, nasikia hata anavyohema. Rafiki yangu akaanza kusitasita. Akasema lakini huyu mtu mbona anadaka poa hivi, pengine ulisikia vibaya.

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Sipendi kuambiwa nimesikia vibaya. Na nimesema sauti yangu haina mpinzani.

"Huyo?" nikasema. "Huyo ndiye aliyeuza mpira!"

Kijana akageuka. Mpira ulikuwa mbali wakati ule, karibu na katikati, hakuna hatari yoyote. Aligeuka akanitazama, akatabasamu tabasamu la uso mzima ambalo sijapata kuliona kwake, akaweka mkono wa glavu kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Namwambia mtu ni msaliti mbele ya watu, naye ananiinamia?

Na katika kuinama huko mtu wa wageni akapiga. Ulikuwa mpira wa hovyo, wa mbali, mtu anapiga kwa kuchoka tu. Ukadunda mbele ya goli, kijana akasikia kelele akageuka, akarusha mkono, ukapita chini yake taratibu. Taratibu mno, ungeweza kuukimbilia na kikombe cha chai mkononi. Moja moja.

Sikupiga kelele. Nilimtazama rafiki yangu, naye akanitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba nilikuwa sahihi. Kuna furaha chungu ya kuwa sahihi, na siku ile niliijua. Nilitaka kukaa chini kwenye majani.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa wageni walikumbatiana, sisi tukasimama kama tumesahau njia ya kwenda nyumbani. Kufungwa ni afadhali, unajua umekufa. Sare ya namna ile unabaki unahesabu, lile goli tupu, ule mtambaa panya, ule mkono. Na mwisho kila mtu alihesabu akafika kwa kipa. Wachezaji wakamzunguka. Kapteni alitupa soksi zake chini, akamuuliza alikuwa anatazama nini nyuma. Kocha naye akauliza, kwa upole zaidi, lakini akauliza. Mimi na mdogo wangu tulishasogea, tunasikia kila neno.

Kijana aliinua uso. Akanitazama, akatazama chini.

"Jua, kocha," akasema. "Jua iliniingia mu macho."

Wachezaji wote waliinua vichwa juu. Mbingu ilikuwa kijivu vilevile, haikuwa imeachia tangu asubuhi. Mmoja akacheka, si kwa kufurahi. Kapteni akasema mpumbavu ni nani hapa, akaondoka. Wengine wakamfuata mmojammoja, na kijana akabaki anavua glavu kidole kwa kidole, na hakuna aliyemwambia pole. Mdogo wangu alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, kucha zinaniingia. Mimi nikasema moyoni: msaliti, na sasa mwongo pia. Hesabu imetimia.

Kocha akaja kwangu amechoka, uso umemshuka. Akasema anajua si wakati mzuri, lakini mshenga aliahidiwa jibu, na kijana wa watu leo anahitaji kusikia kitu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kama ambavyo hajanitazama tangu akiwa mtoto, siku tulipomzika mama.

Nikasema hapana. Nikasema siwezi kumpa mdogo wangu mtu aliyeuza mpira, na kwamba nilimsikia kwa masikio yangu asubuhi, akisema kwenye simu, akitaka kocha asijue. Kocha alisimama kama aliyemwagiwa maji. Yeye naye ni mtu wa mchangani, anajua uzito wa neno hilo, halisemwi hovyo. Mdogo wangu aliachia mkono wangu. Alianza kusema kitu, lakini kocha alishamwita kijana kwa kidole.

Akaja na glavu zake kwapani. Kocha akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli ameuza mpira wa leo.

"Ndiyo, kocha," akasema. "Niliuza. Na feza yangu."

Hivihivi. Bila kupepesa. Nikamgeukia kocha, umeona? Kocha akashika kiuno, akauliza kwa nini, kwa nini umetufanyia hivi. Kijana akaanza kuchanganyikiwa, anatutazama mmoja mmoja. Akaeleza kwamba ule wa zamani ulikuwa unatoka upepo, tena ulichakaa sana, aibu kuuweka mbele ya wageni siku kama hii. Akasema aliuweka kwenye mfuko wa timu kimyakimya kwa sababu alijua kocha angetaka kumrudishia feza. Kama kulikuwa na ubaya, alikuwa anaomba msamaha.

Halafu mdogo wangu akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio.

"Dada," akasema, "kwao kuuza ni kununua. Ile yetu wanasema kuuzisha."

Nikamwambia asinichezee akili. Akaapa. Akasema amekwenda naye sokoni mara ngapi, na mara ya kwanza na yeye alishangaa, kijana anamwambia twende tuuze nyanya, na nyanya hawana. Kijana akaitikia kwa kichwa, anatufuata taratibu, na nikaona uso wake unaanza kuelewa ni nini tulichokuwa tunamtuhumu. Ni jambo gumu kulitazama, uso wa mtu unapoelewa kitu cha namna ile.

Na ni miaka mingapi nimeishi na Wakongomani katika mji huu? Naimba nao kwaya moja. Nimewapikia kwenye misiba yao, wamenipikia kwenye wangu. Lakini Kiswahili chetu hapa ni cha nyumbani na cha kanisani. Dukani wote tunaongea Kiingereza, hata mimi na mdogo wangu, kwa hiyo neno la kununua lilikuwa halijawahi kupita kati yangu na wao hata siku moja. Ndiyo nikaanza kuyapanga upya yote. Mpira wa leo ni mzuri, hapana, dada? Alikuwa ananiuliza habari za ule mpira mweupe. Na kule kuufuta kwenye jezi.

Lakini bado nilikuwa na shoka moja mkononi, na sikutaka kuliweka chini. Nikamuuliza, haya, na jua? Jua liko wapi?

Kijana akatazama viatu vyake. Kocha akamwambia aseme. Mdogo wangu akamsogelea, akamuuliza kwa Kiswahili cha kwao, polepole, na hapo ndipo alipojibu, akimjibu yeye na si mimi.

"Nilisikia dada anasema ni mimi niliuza mupira. Mbele ya batu. Nilifikiri ananishukuru."

Basi. Nilitafuta pa kushika, nikashika beseni la maandazi. Wenzake wote wamemgeuzia mgongo, daraja limekwenda, na alichotakiwa kusema ni maneno matatu tu, kwamba yule mama aliniita. Akaona bora kulitafuta jua mahali ambapo halipo. Aibu niliyoiona sijui nikuelezeje. Masikio yalikuwa yanawaka, yaleyale niliyojivunia.

Kocha akakohoa. Akauliza, sasa yeye kama mshenga apeleke jibu gani.

"Usiniulize mimi," nikamwambia. "Muulize yeye kama bado anatutaka."

Kijana hakungoja kuulizwa. Alinyoosha mgongo, akanitazama sawasawa, na mara hii hapakuwa na upole wa kushukuru mara mbili.

"Dada, kama ningekuwa mutu ya kwenu, ungeniuliza kwanza?"

Ningeweza kusema ningekuwa yuleyule kwa kila mtu, kwamba mimi ni wa mashaka tangu kuzaliwa, kila kipa kwangu ni mwizi. Hata kocha angenitetea. Lakini mdogo wangu alikuwa anasikiliza. Na ukweli ni kwamba kijana wa Morogoro ningemshika sikio palepale kwenye korido, nikamwambia we mtoto, umesema nini?

"Ningekuuliza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Siku ingine uniulize."

Kisha akamwambia kocha kwamba wazee wa kanisa lao watakuja kwetu samedi, yaani Jumamosi, kama dada ataruhusu. Nikasema waje. Mdogo wangu hakunikumbatia. Alizichukua zile glavu kwapani mwa kijana, akamfuata kwenda kufungua nyavu za goli, na sikusikia wanaongea nini.

Wachezaji walikuwa wanakusanya mabegi yao upande wa pili, na upepo ulileta sauti ya kapteni. Alikuwa bado anasema jua, jua gani, anawaigizia wenzake mtu aliyekinga macho, nao wanacheka kicheko kibaya. Nikaweka beseni chini. Uwanja ule sijawahi kuuona mpana kama siku ile nilipoukatisha, na mimi mwenye sauti kubwa kuliko wote ilinibidi nianze mara mbili.

"Lile jua," nikawaambia, "lilikuwa ni mimi."

Wakatazamana. Kapteni akaniuliza nina maana gani, mama. Nikavuta pumzi, nikaanza kuwaeleza tangu asubuhi, kwenye korido, na ndoo ya maji mkononi.